Kopo Lisilofunguliwa Mwangani

Mzee Séverin Makungu wa mtaa wa Alum Rock, Birmingham, hakuwa na imani na mtu yeyote, na hapa sitii chumvi hata punje. Aliyekuja kusoma mita ya umeme alisindikizwa mpaka kwenye mita na kurudishwa mpaka mlangoni, kitambulisho chake kimeshageuzwageuzwa mbele na nyuma. Daktari akimwandikia dawa, ile karatasi ya maelezo ilisomwa yote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini ambayo sidhani hata aliyeyaandika aliyasoma. Kanisani alikaa benchi la mwisho, mgongo ukutani, akiwachunguza waumini wenzake mmoja mmoja. Wajukuu zake wawili walimwita "security", naye hakuchukia. Aliona ni cheo.

Usimcheke mapema, lakini. Mtu aliyekimbia Uvira, huko Kongo, mwaka 1996, akavuka ziwa mpaka Kigoma na roho mkononi, akakaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi na miwili, akahojiwa na maofisa wa kila aina wakimuuliza swali lile lile kwa njia saba ili wamkamate kwenye uongo, mtu huyo ana haki ya kutazama watu kwa jicho la pembeni. Alipoletwa Birmingham mwaka 2008 alipata kazi kwenye ghala moja la vifurushi huko Washwood Heath. Kazi yake ilikuwa kufunga maboksi, na hapo tabia yake ikapata ajira hasa. Boksi likishapita mikononi mwa Séverin, mwenyewe aliyeliagiza alilazimika kutafuta kisu. Wenzake walilalamika kwamba anamaliza selotepu ya watu watatu. Yeye aliwaambia kwamba boksi lisilofungwa vizuri ni kama halikufungwa, akaendelea.

Alipostaafu alirudi nyumbani na roli chache za selotepu ile ya kahawia aliyoizoea, na akaendelea kufunga kitu kimoja tu: kopo.

Lilikuwa kopo bapa la bati, la biskuti za Kibelgiji, rangi imechubuka hata picha ya juu haijulikani kama ilikuwa ya malkia au ya farasi. Alilificha chini ya kabati lake la nguo, kwenye kona iliyo kando ya hita, mahali pakavu, akisema unyevu wa nchi hii ni adui. Kila tarehe mosi Januari, baada ya ibada, alilitoa, akalifuta vumbi, akazungusha selotepu mpya juu ya ile ya mwaka uliopita, kisha akalirudisha. Hakulifungua. Hakuwa amelifungua tangu mwaka 1964, alipolipokea akiwa na miaka kumi na mitatu.

Ndani mlikuwa na picha za baba yake. Si picha za karatasi. Zilikuwa negativu, zile filamu za vipande vikubwavikubwa za zamani, kwani marehemu baba yake alikuwa mpiga picha mjini Bukavu tangu enzi za Wabelgiji. Na katika negativu hizo mlikuwa na moja ya mama yake.

Mama huyo, Angélique, alifariki Séverin akiwa na mwaka mmoja na nusu. Hakumkumbuka hata kidogo. Picha ya karatasi waliyokuwa nayo iliungua pamoja na nyumba katika vita vya 1964, na baba yake akafa wiki hiyo hiyo. Shangazi yake ndiye aliyemletea kopo, akamwambia maneno ya marehemu: "Mama yako yumo humu." Basi fikiria mwenyewe. Mwanamume wa miaka sabini na nne, picha ile iliyoungua imeshamfutika kichwani, hajui tena uso wa mama yake, na uso uko chini ya kabati lake, umefungwa selotepu.

Utauliza, kwa nini asifungue tu? Kila mtu aliuliza. Jibu ni mkanda wa baba yake. Siku moja, Séverin akiwa na miaka minane, aliingia studio akafungua boksi la filamu mpya ili aone kilichomo. Mwanga ukaingia, mali yote ikaharibika. Baba yake alimchapa mpaka majirani wakaja, na katika kila pigo alirudia maneno yale yale: sanduku la picha halifunguliwi kwenye mwanga, mwanga unaua picha. Mtoto akashika. Ufundi wenyewe hakuwahi kufundishwa, kwani baba alikufa kabla, lakini sheria ile alibaki nayo, na ikakua pamoja naye.

Kwa hiyo kopo lilihitaji chumba cha giza na fundi mwaminifu. Vyumba vya giza alivipata. Fundi mwaminifu ndiye aliyekosekana. Kigoma, fundi mmoja alikubali kumsaidia ila akataka kubaki nalo siku mbili. Séverin akaona huyu ana lake jambo, akaondoka. Kambini, askari alitaka kulifungua akidhani mna dhahabu. Séverin alilala juu ya kopo akapigwa hadi akavunjika meno mawili, kopo halikufunguliwa. Meno yale hayakurudi, na kila aliposukutua kinywa alijipongeza.

Ilivyokuwa, shida ilianza na harufu. Binti yake Goretti, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye pamoja na watoto wake wawili, alikuwa mfanyakazi wa kutunza wazee majumbani, na pua yake ilishajua kila harufu ya chumba cha mzee. Hii haikuwa mojawapo. Ilikuwa kali, ya kuwasha pua, na ilizidi kila majira ya baridi hita zilipowashwa. Ilianza miaka mitatu nyuma. Alifua mapazia, akaosha zulia, akatazama nyuma ya kabati. Alipoinama chini na kulinusa kopo, machozi yakamtoka. Baba yake alimwambia ni gundi ya selotepu.

Basi Jumamosi moja ya Oktoba mwaka jana, Goretti alimwomba baba yake amsindikize kwenye maktaba ya mtaa, ambako watu wanaozungumza Kiswahili hukutana mara moja kwa mwezi: Wakongo, Wakenya, Watanzania, Wahindi wa Nakuru na wa Kampala, kila mmoja na Kiswahili chake. Kulikuwa na chai na sambusa, na siku hiyo kulikuwa na mhadhara. Séverin alikwenda shingo upande, akakaa karibu na mlango.

Mhadhiri alikuwa Paresh, Mhindi wa Nakuru, mwenye miaka sitini na tisa, ambaye familia yake ilikuwa na studio ya picha huko Kenya na ambaye sasa alitengeneza kamera za zamani kwenye karakana yake Hockley. Alisimama mbele na sweta yake ya kijani akaeleza kwamba filamu, hiyo filamu iliyopiga harusi zetu na vitambulisho vyetu, ina mizizi papa hapa Birmingham. Alimtaja Alexander Parkes, aliyezaliwa mji huu mwaka 1813, mtoto wa mtengeneza kufuli za shaba, fundi wa madini asiyetulia. Zamani picha zilipigwa kwenye vioo. Fundi alipaka kioo kwa kolodiani, uji mzito unaotokana na pamba iliyolowekwa kwenye asidi, na picha ikashika hapo. Kioo kizito, kioo kinavunjika. Parkes akajiuliza, kioo ni cha nini? Kwa nini ule uji wenyewe usifanywe mnene, ukauke, ubebe picha peke yake? Aliliandika wazo hilo mwaka 1856. Kwa pamba hiyo hiyo na asidi alitengeneza kitu kigumu kama pembe, akakipa jina lake mwenyewe, akakipeleka kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1862. Kampuni yake haikudumu hata miaka mitatu. Wengine walikichukua kitu kile wakakiboresha, na baadaye, hasa kule Amerika, ndipo kikawa utepe mwembamba wa filamu. Wao wakapata sifa, Parkes akapata kutajwa mara mojamoja.

Watu walicheka alipofika hapo. Kisha Paresh akaacha mzaha. Akasema filamu za mwanzo zilibaki na ile asili ya pamba na asidi, hivyo zikizeeka huitoa asidi ile tena, na asidi hiyo huila filamu yenyewe. Zikiwekwa kwenye joto, zikafungwa zisipate hewa, ndiyo mbaya kabisa. Zinageuka asali, halafu unga. Na zinaweza kuwaka moto ambao maji hayauzimi. Akauliza, akitazama huku na huku, kama kuna mtu ana kopo la picha za kale nyumbani, lililofungwa, labda karibu na hita, lenye harufu ya kuwasha.

Séverin aliganda. Karibu na hita? Alimgeukia Goretti, na Goretti alikuwa akiichunguza sambusa yake.

Nyumbani alimhoji kama alivyohojiwa yeye kambini, na Goretti hakumaliza dakika tano akasema kweli. Ndiyo, alikwenda kwa Paresh wiki mbili kabla. Ndiyo, alimweleza habari za kopo. Mhadhara wote ule, sweta na chai na sambusa, uliandaliwa kwa ajili ya mtu mmoja mbishi, kwa kuwa walijua akiambiwa ana kwa ana hatasikia. Jamani! Miaka yote Séverin alishuku kwamba watu wanakula njama nyuma yake, na mara hii moja ilikuwa kweli. Alikaa siku tatu bila kumsemesha mwanawe, na sijui kama alikuwa na hasira au furaha.

Siku ya nne alianza uchunguzi. Ikiwa mtu amekutungia hadithi nzima ili alipate kopo lako, la kwanza ni kuangalia kama hadithi yenyewe ina miguu. Alipanda basi mpaka mjini, akauliza, akaelekezwa Newhall Street, kwenye jengo la zamani lenye kibao cha buluu cha Parkes. Alivaa miwani. Kibao kilimtaja mtu huyo kuwa mvumbuzi wa plastiki ya kwanza. Plastiki! Hakuna filamu, hakuna picha, hakuna kolodiani. Séverin alikipiga kibao picha kwa simu yake, akarudi nyumbani akaiweka mbele ya Goretti mezani kama hakimu anayeweka ushahidi. Goretti alimwambia kibao hakitoshi kuandikwa maisha yote ya mtu. Akamwambia, kama ni uchunguzi, achunguze mpaka mwisho.

Hilo lilimuuma, kwani kweli alikuwa ameacha katikati. Alikwenda maktaba kubwa ya mjini, akahudumiwa na mama mmoja aitwaye Idil, Msomali aliyekulia Eastleigh na mwenye Kiswahili cha haraka. Idil alihangaika siku mbili, akampatia nakala ya hati ambayo kwayo Parkes alisajili uvumbuzi wake mwaka 1856. Akamfasiria. Ilikuwemo: ule utando uwe mnene, ushike nafasi ya kioo. Séverin alimwomba arudie. Alirudia. Kisha, Idil alipokwenda kupokea simu, alimpelekea mfanyakazi mwingine karatasi ile ile na kumwomba amweleze kwa Kifaransa, asije akawa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Maana ikatoka ile ile.

Alikaa pale muda mrefu akiitazama. Nitasema ukweli, mwandishi wa hati ile alimgusa. Mtu aliyeona kitu mapema, akakianza, akashindwa kukimaliza, wengine wakapita nacho. Baba yake naye alianza mambo mengi. Lakini moyo haukupata nafasi ya kulainika, kwa sababu Idil, katika kumwonyesha ukarimu, alisema kwamba kama mzee ana filamu za aina hiyo kutoka Kongo, makumbusho wangefurahi mno, kitu kimezaliwa huku, kimekwenda mpaka Bukavu, kimerudi kwao. Kwao! Séverin aliikunja karatasi, akaaga kwa adabu, akateremka ngazi mbiombio. Sasa alielewa. Ndiyo maana hadithi ya Parkes. Wanataka kusema ni mali yao, walianzisha wao, wamchukue mama yake wamweke kwenye kabati la kioo na mlinzi mlangoni.

Alikwenda nyumbani kuongeza selotepu, ijapokuwa haikuwa Januari.

Alipolitoa kopo, selotepu ya chini ilikuwa imeloa na kuwa nyeusi. Mfuniko ulikuwa umevimba. Alipoweka kiganja juu yake alihisi joto la hita, na harufu ikampanda kichwani mpaka akakohoa. Goretti alisikia kikohozi, akaja, akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alikwenda chumba cha pili, kilichotenganishwa na kile kwa ukuta mwembamba, akaanza kuburuta magodoro ya watoto kuyapeleka sebuleni.

"Papa," alisema, "miye nakuheshimu. Lakini watoto hawatalala tena karibu na hiki kitu. Kitoke, ama sisi tutoke."

Mzee aliyatazama magodoro. Alikwisha kulala juu ya kopo lile akapigwa kwa ajili yake, na miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kopo lenyewe laweza kuua. Akamwambia Goretti ampigie Mhindi wake simu.

Masharti aliyatoa mwenyewe, akiandika kwenye bahasha. Kopo lisitoke mikononi mwake. Kufungua afungue yeye. Chumba kiwe cha giza totoro, taa nyekundu tu. Goretti awe shahidi. Asiwepo mtu wa makumbusho. Paresh alikubali yote isipokuwa moja ambalo alisema watazungumza wakifika, na hapo Séverin alikaribia kuvunja mapatano. Paresh alikuja na gari asubuhi, na sanduku la kubebea vitu baridi lenye pakiti za barafu. Séverin alilikagua sanduku chini na juu, akagonga kuta zake akitafuta uwazi wa siri, kisha akaweka kopo ndani na kulipakata mapajani toka Alum Rock mpaka Hockley, mikono yote miwili juu ya mfuniko.

Karakana ya Paresh ilikuwa ghorofani, juu ya masonara. Lakini hakuwapandisha. Aliwapeleka uani nyuma, kwenye hewa, ambako alikuwa ameweka meza ya chuma, glavu, ndoo ya mchanga na kisu. Anga lilikuwa la kijivu ila kweupe pe.

"Chumba cha giza kiko wapi?" Séverin aliuliza.

"Hicho ndicho nilitaka tuongee, mzee. Hakuna giza. Tunafungulia hapa, kwenye hewa."

"Bon. Sasa nimekujua."

Aligeuka kuondoka na sanduku lake. Goretti alimzuia mkono. Paresh hakusogea, wala hakuinua sauti. Aliuliza swali moja tu: picha hizi, baba yako alikuwa ameshazisafisha? Séverin alisema bila shaka zilisafishwa, si mama yake alikuwa na picha ya karatasi ukutani, ingetoka wapi kama hazikusafishwa?

"Basi zikishasafishwa mwanga hauziui tena, mzee wangu. Mwanga unaua filamu mpya. Hizi bila mwanga huoni kitu."

Séverin alifungua kinywa amwambie muongo. Lakini kuna jambo lilimjia, na lilimjia bila kuitwa: baba yake mlangoni pa studio, saa ya mchana, ameshika kipande cha filamu kwa ncha za vidole, amekiinua juu kuelekea jua, amefumba jicho moja. Alikuwa akichagua zipi ni nzuri. Alifanya hivyo kila siku. Séverin alimwona akifanya hivyo mara mia, akiwa amekaa kizingitini akila muhogo, na hakuwahi, hakuwahi hata siku moja, kuliweka jambo hilo karibu na lile la mkanda. Na filamu nyingine alizoziona ukubwani, zile ndogo zinazotolewa na picha za harusi, alijiambia hizo ni za kisasa, za zamani zilikuwa na sheria zake. Kadiri miaka ilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kuuliza.

Aliketi kwenye kreti. "Kwa hiyo ningeweza kumwona," alisema. "Siku yoyote."

Goretti alianza kulia. Paresh alisema tufungue, mzee, tusipoteze muda.

Selotepu ilikatwa tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka lilikuwa limefungwa vizuri, kwa ustadi, bila kona iliyolegea. Hakuna hewa iliyoweza kupita hapo, ndivyo alivyojivunia siku zote. Mfuniko ulipotoka wote watatu walirudi nyuma wakaziba pua. Juu kulikuwa na unga wa kahawia. Chini yake, bahasha za karatasi zilikuwa zimegandamana na filamu zikawa tofali moja, la kunata, lenye rangi ya asali iliyoungua. Paresh alitumia kisu chembamba, polepole, akitoa kipande hiki na kile na kukitumbukiza mbali, kwenye ndoo. Maharusi, mapadre, watoto wa komunyo ya kwanza, wafanyakazi wa kampuni ya majani chai, Bukavu nzima ilikuwa uji. Hakusema neno la kufariji, na Séverin alimshukuru kwa hilo moyoni.

Bahasha ya chini kabisa ilikuwa imebanduka upande mmoja. Mwandiko wa baba yake ulisomeka: Angélique na mtoto, 1951.

Kipande kilitoka kizima, au tuseme karibu kizima. Paresh alikishika kwa ncha, akasita, kisha akampa Séverin mwenyewe. Mzee alikiinua juu kuelekea anga, akafumba jicho moja.

Alimwona mwanamke amekaa kitini. Gauni lenye maua, kila ua lake. Mikono miwili, vidole virefu, pete. Mikononi mtoto mchanga amevikwa kofia ya sufu. Kuanzia mabegani kwenda juu filamu ilikuwa imechemka na kuyeyuka, malengelenge ya manjano tu, hakuna jicho, hakuna kinywa, hakuna kitu. Na yule mtoto, ambaye ni yeye, hakuwa anatazama kamera. Alikuwa ameinua kichwa, macho wazi, anautazama uso wa mama yake.

Séverin hakukishusha kipande.

"Nisemee kweli," alimwambia Paresh. "Usinipambie. Ningefungua lini?"

Paresh alivua glavu kwanza. "Harufu ilianza miaka mitatu hivi nyuma, alivyosema Goretti. Kabla ya hapo, nadhani ilikuwa nzima. Sina uhakika, mzee. Lakini ninavyoona, ilikuwa nzima."

Alieleza kwamba kipande hakitakaa, kinaendelea kuliwa hata sasa hivi, lazima kinakiliwe leo leo, na kamera iko juu. Akamwambia mzee atangulie yeye kupanda, ashuhudie kila kitu, kama walivyokubaliana kwenye bahasha. Goretti alimshika baba yake kiwiko amsaidie kuinuka. Séverin hakuinuka. Alinyoosha mkono, akamkabidhi Mhindi yule filamu.

"Nenda nayo," alisema. "Mimi nitabaki hapa. Mlinzi wake si wa kuaminika."

Paresh alipanda peke yake. Baba na binti walikaa uani karibu saa nzima wakisikia nyundo ndogo za masonara, na mzee hakutazama juu dirishani hata mara moja.

Wiki iliyofuata Paresh alileta picha yenyewe Alum Rock, kubwa, kwenye karatasi nzuri. Alikuwa ametengeneza mbili. Katika ya pili alikuwa ameikata sehemu ya juu iliyoharibika, na kweli ilipendeza: mikono, maua, mtoto. Ungedhani mpiga picha alitaka hivyo. Séverin aliziweka sambamba mezani, akaitazama ile nzuri kwa adabu, akamrudishia. Alibaki na ile yenye madoa.

Imetundikwa sebuleni, karibu na dirisha, na pazia la hapo halifungwi mchana. Wageni wa kanisani huisogelea, husifu gauni, huuliza mtoto ni nani, kisha kidole huenda juu na wakauliza hilo doa ni nini.

"Ni mama yangu," huwajibu Séverin. "Nilimlinda vibaya."